Jukwaa la Keroka

Mimi kukaa kitako sijui. Hata sasa ninapoandika haya nimekwisha kuinuka mara kadhaa: kufunga dirisha, kulifungua tena, kwenda kuangalia kama chai imechemka ilhali sufuria bado iko kabatini. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa na safari. Labda ndiyo sababu kazi iliyonifaa ni ya kuzunguka Kisii na Nyamira na kundi la waigizaji, shule hadi shule, tukiwachezea wanafunzi wa sekondari tamthilia zinazotahiniwa. Leo tuko Ogembo, kesho Marani, keshokutwa shule fulani ya wasichana ndani kabisa kwenye mashamba ya chai, ambako gari letu hukwama matopeni na mfalme, malkia na maadui zao wote hushuka kusukuma.

Baba yangu ni kinyume changu. Yeye ni mtu wa kiti kimoja, kile kilicho karibu na dirisha la sebule, na hakuna mgeni anayethubutu kukikalia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na ni mzee wa kanisa la Sabato tangu nikiwa mdogo. Ninamwita Tata, kwa sababu kwa Ekegusii tata ndiye baba. Na neno baba kwetu, msicheke, maana yake ni mama. Yeye naye huniita "baba", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo ukipita karibu na boma letu, pale juu ya Keroka, ukamsikia mzee mwenye mvi akimwita mwanamke mzima "baba" na mwanamke akaitika "naam, Tata", usidhani tumerukwa na akili.

Neno hilo ndilo lililoharibu mchezo wangu wa kwanza. Nilikuwa shule ya msingi, si ile ya Tata bali ya jirani, na mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa nafasi ya msichana yatima. Nilitakiwa kupiga magoti na kulia, "Baba! Baba! Usiniache!" Nililia kwa nguvu zangu zote. Akina mama waliokuwa wamekaa nyuma wakamgeukia mama yangu wakamsukuma kwa viwiko: mtoto anakuita, nenda. Mama akainuka, akapita katikati ya watu na kikapu chake, akapanda pale mbele akaniuliza kwa Ekegusii nimeumia wapi. Ukumbi wote ulikufa kwa kicheko. Tata hakuwapo. Alisimuliwa jioni, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Uongo ndivyo ulivyo. Hata mama yako mzazi hajui kama unaumwa au unacheza."

Hakuwahi kuibadilisha kauli hiyo. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikafundisha muda mfupi kisha nikaacha chaki kwa ajili ya jukwaa, hakunifukuza wala hakunilaani. Aliniuliza tu, mbele ya wageni, "Na wewe siku hizi unadanganya upande gani?" Wageni walicheka. Mimi nilicheka pia, kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini niliumia.

Alichokiamini yeye, ukiondoa Biblia, ni ensaiklopidia. Anazo tangu ujana wake, alizoachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao: vitabu vizito vyenye majalada meusi na herufi za dhahabu zilizofifia, vimepangwa kabatini nyuma ya kioo, juu yake kitambaa alichofuma mama. Kila jioni baada ya sala, huchukua kimoja, hukaa kwenye kiti chake, hufungua, husoma ukurasa mmoja kwa sauti kwa Kiingereza, kisha hutueleza kwa Ekegusii. Nilikua nikijua jinsi kioo kinavyotengenezwa na jinsi nyangumi wanavyonyonyesha kabla sijafika hata Kisumu. "Kilichoandikwa humu," husema, "kimepimwa na watu wazima. Mwigizaji je? Anasema asichokiamini, kwa sauti isiyo yake, ndani ya nguo za mtu mwingine."

Sasa, mimi ni mbishi. Siku moja alipokuwa akinichokoza hivyo, nilikuwa nikizungukazunguka sebuleni kama kawaida yangu, nikafungua kabati nikatoa kitabu chenye habari za ensaiklopidia zenyewe: historia yake, nani alianza, nani alifuata. Nikaanza kusoma kwa sauti nikiwa nimesimama. Nikakuta jambo lililonifurahisha sana. Zamani, kabla ya jina la ensaiklopidia kuzoeleka, baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliokusanya maarifa yote ya dunia katika vitabu vikubwa waliviita vitabu hivyo jukwaa. Jukwaa la maisha, jukwaa la dunia, jukwaa la mashine. Msomaji alikuwa mtazamaji: alikaa mahali pamoja na dunia nzima ikapita mbele yake.

"Umesikia, Tata?" nikamwambia. "Kumbe miaka yote hii umekuwa ukienda kutazama mchezo."

"Umeruka mstari," alisema kutoka kwenye kiti chake. Nikaangalia. Kweli nilikuwa nimeruka mstari. Nilistaajabu kwa akili yake, nikaurudia.

Nikaendelea. Nikafika kwenye ile kubwa ya Wafaransa, ya zaidi ya karne mbili zilizopita, iliyowapa watawala na makasisi maumivu ya kichwa. Mhariri wake mkuu alikuwa pia mwandishi wa michezo ya kuigiza, na aliandika kwamba mwigizaji bora ni yule asiyehisi chochote. Yule anayelia machozi ya kweli, alisema, leo atakuliza na kesho atakuchosha. Bora yule anayejua machozi yanakaa wapi na huyaita anapoyataka. Hilo nililikubali mara moja. Mimi ni mwigizaji wa namna hiyo na ninajivunia. Ninaweza kumlilia mtoto wangu aliyekufa jukwaani huku nikiwaza kama tulizima jiko la gesi.

Lakini kisa kilichomvuta Tata ni kingine. Katika ensaiklopidia hiyo hiyo kulikuwa na makala juu ya mji mmoja mdogo wa milimani ambao wachungaji wake walikataza michezo ya kuigiza. Mwandishi wa makala, mhariri wa pili wa kazi ile, aliusifu mji kwa kila kitu, kisha akadokeza kwamba ungekuwa bora zaidi kama ungekuwa na jukwaa. Ni makala ya kawaida, juu ya mji, kama unavyoweza kuandika kwamba una mto na soko. Wachungaji walikasirika, watu wakajibizana kwa maandishi Ulaya nzima, na muda si mrefu mhariri yule akaiacha kazi.

Tata alipiga paja. "Wachungaji wenye akili!"

"Mji usio na jukwaa ni mji gani, Tata?"

"Ni Keroka," alisema. "Ni Keroka, na Nyamira, na Marani. Tuna soko, tuna kanisa, tuna hospitali. Umewahi kusoma popote kwamba sisi tuna jukwaa? Kazi isiyo na mahali pake si kazi." Kisha, kwa sababu alikuwa amefurahi, akaongeza kitu ambacho hakupaswa kukisema mbele ya mtu kama mimi: "Siku ensaiklopidia itakaposema Keroka kuna jukwaa, nitavaa suti nije nikutazame."

Ingekuwa mwaka mwingine ningecheka nikasahau. Lakini wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka kwa daktari wa macho mjini Kisii. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa wake hula macho taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Niliuliza ataendelea kuona hadi lini. Akasema hawezi kuahidi, lakini kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, akione mapema. Tulipotoka nje Tata alisema ameona ya kutosha: ameona wajukuu, ameona Mombasa, ameona mwanafunzi wake akiwa mbunge, jambo ambalo afadhali asingeliona. Nilimshika mkono kuvuka barabara nikasema moyoni: mimi hujaniona.

Kuanzia hapo kutotulia kwangu kukapata sababu. Nilimtaka anione. Sikutaka anisifu, sikutaka aombe radhi, nilitaka macho yale yanione nikifanya kazi yangu mara moja kabla hayajazimika. Kila nikija nyumbani nilimchunguza. Jioni alipofungua kitabu chake na kuanza kusoma, nilisikiliza kama mtu anayesikiliza injini ya gari kuukuu. Hakukwama popote. Aligeuza ukurasa mahali pake, akainua kidole panapostahili. Nikapumua. Ni kweli aliacha kununua gazeti, lakini alisema magazeti ya siku hizi hayana habari, yana picha tu. Nilimwelewa, hata mimi siyapendi.

Nilimwalika shule ya Ogembo, akasema ni mbali. Nilimwalika shule iliyo karibu kabisa, akasema mwalimu aliyestaafu akirudi shuleni anaonekana kama anaomba kazi. Nilimwambia tutakuja kuchezea nyumbani, sebuleni, yeye kwenye kiti chake. Hapo alikasirika kweli. "Nyumba hii ni ya sala," alisema, na hakuzungumza nami hadi kesho yake. Usiku ule nililala nikigeukageuka. Niliona kama siku zinanikimbia.

Ndipo kikaja kile kioja cha Ogembo. Tulikuwa tumefika shuleni na mapambo yetu, tukaambiwa onyesho limeahirishwa kwa sababu wanafunzi wana mtihani wa ghafla. Kiongozi wa kundi letu, mwalimu wa zamani wa Kiswahili kutoka Marani, mtu mnene mwenye subira, alilala palepale kwenye benchi la chumba cha walimu. Mimi nilizunguka kile chumba hadi mwalimu wa zamu akaniuliza kama natafuta choo. Nikatoa simu. Mimi nikiwa sina la kufanya husoma zile ensaiklopidia za mtandaoni ambazo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kusahihisha. Nikatafuta kwetu, kwa Kiswahili. Makala ilikuwa fupi. Ilisema Keroka ni mji wa biashara kwenye barabara ya Kisii kwenda Kericho, na kwamba unajulikana kwa malori yake na kwa jukwaa lake lenye shughuli nyingi.

Nilisoma tena. Jukwaa lake lenye shughuli nyingi.

Nilicheka hadi kiongozi akaamka. Unajua kilichotokea. Kwetu Kenya mahali magari ya abiria yanaposimama tunapaita stegi, na stegi ni neno la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe hulitumia kwa jukwaa la maigizo. Mtu fulani, labda kijana wa mbali asiyewahi kupita kwetu, labda mashine, alichukua makala ya Kiingereza iliyoandikwa na mtu wa hapa, akakuta stegi ya Keroka, akafungua kamusi, akaandika jukwaa. Nikaangalia nyuma ya makala, pale panapoonyesha waliosahihisha. Walikuwa wengi. Mmoja ameuweka mji Kisii, mwingine ameurudisha Nyamira, wa tatu ameutoa tena, kwa maana mpaka wa kaunti unapita papo hapo na kila upande unaudai. Walikuwa wametukanana kwa adabu kwa muda mrefu juu ya jambo hilo, na hakuna hata mmoja aliyeliona jukwaa.

"Isahihishe," kiongozi alisema alipomaliza kucheka.

"Nisahihishe nini? Imeandikwa."

Sikungoja hata gari letu. Jioni ile nilikuwa nyumbani, viatu vimejaa tope, simu mkononi. Nilimkuta Tata kwenye kiti chake na kitabu mapajani. Nilimpa simu asome mwenyewe. Alinirudishia bila kuitazama. "Miwani yangu haielewani na simu," alisema. "Soma wewe." Nikasoma. Nilisoma bila mbwembwe yoyote, kama anavyosoma karani wa mahakama.

Alikifunga kitabu. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nani ameandika?"

"Hajulikani, Tata. Huko wanaandika watu wote."

"Kitabu cha watu wote," alisema polepole, na nikamwona anataka kukasirika. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, akivuta pumzi kwa tabu, machozi yakamtoka, akavua miwani akafuta. "Stegi," alisema. "Wameigeuza stegi kuwa jukwaa. Yaani wale manamba wetu wanaoita abiria ni waigizaji!"

"Ulisema ensaiklopidia, Tata. Hukusema ipi."

Nilijua nimemshika. Baba yangu ni mtu ambaye, alipokuwa mwalimu mkuu, aliwahi kujiandikia adhabu ya kuchelewa akaenda kufyeka nyasi mbele ya wanafunzi, kwa kuwa kanuni ilisema kila atakayechelewa. Alivaa miwani tena. "Sawa," alisema. "Lakini nitakuja kwenye jukwaa lile lililoandikwa. Si shuleni, si ukumbini. Pale stegi."

Nadhani alitarajia nikate tamaa. Hanijui.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa stegi, mwanamume mwenye filimbi shingoni. Nilimweleza tunataka kucheza mchezo mfupi pale kati ya magari, Jumapili baada ya chakula cha mchana, maana Jumamosi ni Sabato na Tata asingetoka. Alinitazama kwa huruma. "Madam, hapa kila siku kuna drama," alisema. "Nyinyi mtaongeza nini?" Lakini alikubali, kwa sharti kwamba tusizuie gari iliyojaa. Kiongozi wetu naye alilalamika kidogo, akasema sauti zetu zitamezwa na honi, kisha akakubali, kwa sababu ananipenda na kwa sababu anajua nisipopewa kitu cha kufanya mimi ni balaa.

Tulichagua mchezo wetu wenyewe, wa kuchekesha: bibi kizee amekamatwa na ndizi na chifu anamtaka athibitishe kwamba ni zake. Kiongozi alikuwa chifu. Mimi nilikuwa bibi, mgongo umepinda, leso ya kijani kiunoni na nyingine kichwani, mkungu wa ndizi kando yangu. Jirani yetu alimshusha Tata kwa pikapu yake. Alikuja amevaa suti nyeusi ya kanisani, tai, na kofia. Watu wa stegi wakampisha kama aliyekuja kufungua benki. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mbele kabisa, barazani pa duka la vifaa vya ujenzi. Niliomba apewe soda. Nikahesabu pumzi zangu kama ninavyofanya siku zote, nikajikumbusha kuwa sihisi chochote, nikaingia.

Ilianza vizuri. Wauza mahindi walisogea, abiria waliokuwa ndani ya magari wakachungulia madirishani. Chifu alinguruma, mimi nikambembeleza kwa sauti nyembamba. "Ndizi nimezipanda mimi, chifu! Ulitaka niziandike jina langu kwenye maganda?" Watu wakaangua kicheko. Lakini kulikuwa na manamba mmoja, kijana mrefu mwenye koti jekundu la kazi, amesimama kwenye ngazi ya gari la Kisii pembeni ya uwanja wetu, na gari lake lilikuwa halijajaa. "Kisii! Kisii! Wawili tu, gari inatoka!" Alipoona watu wanatutazama sisi, akajiingiza. "Mathe, wachana na chifu! Ingia hapa nikupeleke Kisii, huko kuko korti!" Watu walicheka kuliko walivyocheka kwa ajili yangu. Kiongozi, mzee wa kazi, akampokea, akamwamuru naye alete kitambulisho. Kijana akajibu. Mchezo ukawa na watu watatu.

Hilo halikunisumbua. Nimechezea mahali ambapo mbwa alipanda jukwaani. Kilichonisumbua ni Tata. Nilimtupia jicho, nikaona hanitazami. Alikuwa ameelekeza uso upande wa gari la Kisii, kwa yule kijana. Nilisogea upande ule, nikapiga kelele zaidi. Hakugeuka. Nikamrukia chifu nikamshika kola, jambo lisilokuwamo mchezoni, watu wakashangilia, Tata akatabasamu, lakini akimtabasamia kijana wa koti jekundu.

Nilikasirika. Wacha niseme wazi: nilikasirika sana. Nilidhani ameona aibu. Nilidhani amekuja kutimiza neno lake kama mtu anayekwenda kulipa faini, akaamua kwamba atakaa pale kwa mwili lakini macho yake hanipi. Niliuacha mkungu wangu, nikatembea na mgongo wangu uliopinda hadi mbele ya kiti chake, karibu kabisa, nikasema maneno yangu ya mwisho kwake badala ya kwa chifu. "Mimi ni mzee, sina cheti, sina shahidi. Nitazame mikono yangu. Hiyo ndiyo barua yangu." Machozi yakaja, na sikuwa nimeyaita. Yule Mfaransa angeona haya. Tata aliinua kichwa, akatabasamu kwa upole juu ya bega langu, kuelekea kule kelele zilikokuwa, akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Gari la Kisii likajaa, likaondoka.

Jirani alitufikisha njia panda, kwa kuwa alikuwa na safari nyingine, na hapo hadi nyumbani si mbali. Tukapanda kwa miguu. Leso ya kijani ilikuwa bado kiunoni mwangu, sikuwa na nguvu ya kuifungua. Nilikuwa nikitunga ndani yangu maneno ambayo ningemwambia tukifika, maneno makali, na nilikuwa nimeyapanga yakapangika. Yeye alikuwa akiimba wimbo wa kanisani puani, mkono wake begani pangu, mwepesi. Alikuwa na furaha. Hilo liliniudhi zaidi.

"Baba," aliniita, "nimekuona."

Nikaendelea kutembea.

"Nilidhani utajificha nyuma ya wenzako, kumbe ulipanda juu kabisa. Unajua kupunga mkono. Na watu wanakuitikia! Sikujua kuwa watu wanakuitikia hivyo." Akatembea kidogo. "Na lile koti jekundu lilikupendeza sana."

Miguu ilisimama yenyewe. Niliitazama leso yangu. Nikamtazama yeye: uso umeinuka, miwani safi, macho yameelekezwa barabarani kwa uhakika wote wa mwalimu mkuu. Alikuwa ameona rangi moja ikicheza mahali pa juu, sauti zetu zikiwa zimechanganyika na honi, akaamua ndiyo mimi.

Basi alikuwa hasomi. Jioni zote zile, kitabu mapajani, kidole kikiinuka, ukurasa ukigeuzwa mahali pake, alikuwa anavitoa kichwani. Sijui kwa muda gani. Kwa sauti ya mtu anayesoma, kwa kituo cha mtu anayetafuta mstari, mbele ya binti yake ambaye kazi yake ni hiyo hiyo na ambaye hakushuku kitu. Hakuna mwigizaji niliyewahi kumwona Kisii au Nyamira aliyecheza namna ile. Na nilijua kwa nini alicheza, nikaumia kuliko nilivyoumia pale stegi. Kama angesema ukweli, ningeacha shule zote nije nikae naye, mimi nisiyejua kukaa. Alitaka niendelee kwenda.

Maneno yangu makali yalikuwa bado yako mdomoni. Niliyameza yote.

"Niliazima, Tata," nikasema. "Ni koti la mwenzangu."

"Usilirudishe haraka," alisema, akacheka.

Tukaendelea kupanda. Karibu na kona ya shamba la jirani alinibana bega. "Shika kushoto, baba. Hapa kuna jiwe, usijikwae."

Kulikuwa na jiwe kubwa pale tangu utoto wangu. Tingatinga la kaunti lililing'oa lilipokuja kupanua barabara, na yeye hakuwa amepita upande huo kwa miguu tangu hapo, kwa kuwa kanisa liko juu. Mbele yetu palikuwa na barabara tupu ya murram, imelazwa vizuri.

"Nimeliona, Tata," nikasema. Nikainua mguu juu, nikaliruka, nikatua kwa kishindo ili asikie.